Kahawa ya asubuhi: Njia za kuipika nyumbani, kutoka sufuria hadi dele

KATIKA milima ya Taita, mwendo usio mrefu kutoka mji wa Mwatate, kuna mahali paitwapo Bura ambapo mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda miche ya kahawa mnamo mwaka wa 1893. Ni mahali hapo panapotajwa katika historia ya kilimo kuwa ndipo kahawa ilipoanza kupandwa katika nchi ambayo leo inaitwa Kenya.

Zaidi ya miaka 130 imepita tangu wakati huo, na kahawa ya Kenya imejipatia sifa kote ulimwenguni. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, kinywaji kinachowaamsha watu asubuhi ni chai ya maziwa. Palipo na kahawa, mara nyingi huwa ni ile ya kopo inayokorogwa kwa kijiko katika maji moto.

Wengi wanaoiepuka hudai kwamba kahawa ni chungu, au kwamba kuipika vyema kunahitaji mashine za hoteli. Madai hayo hayana msingi. Uchungu unaokera hutokana zaidi na namna ya kupika kuliko kahawa yenyewe, na vyombo vinavyohitajika vimo karibu katika kila jikoni: sufuria, chujio la chai na kijiko.

Mambo manne ndiyo yanayoamua ladha ya kikombe: upya wa buni zilizokaangwa, ukubwa wa chenga baada ya kusagwa, maji na joto lake, na muda ambao kahawa hukaa ndani ya maji hayo. Makala haya yanaeleza mambo hayo, kisha yanalinganisha njia sita za kupika kahawa nyumbani.

KWA NINI TULIZOEA CHAI

Kutoka Bura, kilimo cha kahawa kilisogea bara. Zao hilo lilijaribiwa Kibwezi mwaka wa 1900 kwa kunyunyiziwa maji, kisha likapandwa Kikuyu mwaka wa 1904. Mapadri wa shirika lilo hilo waliokuwa katika misheni ya St Austin jijini Nairobi nao waliipanda, na aina ya mibuni iliyotokana na mashamba ya misheni ingali inajulikana miongoni mwa wataalamu kwa jina la French Mission.

Chini ya utawala wa kikoloni, kahawa ilifanywa zao la walowezi. Waafrika walizuiwa kuipanda, na ni katika miaka ya 1930 tu ndipo serikali iliporuhusu majaribio ya mashamba madogo katika sehemu chache kama vile Kisii, Embu na Meru. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ndio uliofungua mlango kwa wakulima wadogo wengi zaidi.

Hata baada ya ruhusa hiyo, zao hilo lilibaki la kuuzwa ng'ambo. Buni zilitoka shambani, zikapitia viwandani na mnadani Nairobi, kisha zikasafirishwa hadi bandari ya Mombasa. Magunia yalipita Voi juu ya reli bila kufunguliwa. Mpaka leo sehemu kubwa mno ya kahawa ya Kenya huuzwa nje, na kiasi kinachonywewa nchini ni kidogo.

Upande wa pwani desturi ilikuwa tofauti. Miji ya Waswahili ilijifunza kunywa kahawa kutokana na biashara yake na Uarabuni muda mrefu kabla ya miche ya Bura kupandwa. Maneno yenyewe, kahawa na buni, yana asili ya Kiarabu. Voi, mji wa njia panda ulioko kati ya Mombasa na Nairobi, umekaa katikati ya desturi hizo mbili: chai ya maziwa ya bara na kahawa chungu ya pwani.

Wakazi wa Taveta nao wana jirani mwingine. Wao wako karibu zaidi na mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka, kuliko yale ya Nyeri au Kirinyaga. Huko Moshi, wakulima wa kahawa wana chama kikuu cha ushirika, KNCU, ambacho kilisajiliwa mwaka wa 1933 na ni miongoni mwa vyama vikongwe zaidi vya aina hiyo barani Afrika.

KUCHAGUA NA KUHIFADHI BUNI

Kuna aina mbili kuu za kahawa zinazouzwa duniani, yaani arabika na robusta. Arabika hupenda sehemu za juu zenye baridi, nayo ndiyo inayopandwa zaidi Kenya na Kilimanjaro. Robusta hustawi katika sehemu za chini na zenye joto, kama vile maeneo mengi ya Uganda na Bukoba. Robusta ni chungu zaidi na ina kafeini takriban maradufu ya arabika.

Mnunuzi akiona herufi AA, AB au PB kwenye pakiti ya kahawa ya Kenya, asidhani kwamba hizo ni alama za utamu. Hizo huonyesha hasa ukubwa na umbo la buni. AA ni kubwa, AB ni za wastani, na PB ni zile za mviringo zinazopatikana pale tunda linapokuwa na punje moja badala ya mbili. Kahawa ya AB iliyokaangwa wiki iliyopita itaishinda ya AA iliyokaa rafuni mwaka mzima.

Jambo la kuangaliwa kwanza kwenye pakiti, basi, ni tarehe ya kukaangwa. Kahawa huwa katika ubora wake kuanzia siku chache baada ya kukaangwa hadi wiki nne au tano hivi. Iliyokwisha kusagwa hupoteza harufu upesi zaidi, hata katika muda wa siku chache baada ya pakiti kufunguliwa.

Waswahili husema akiba haiozi, lakini msemo huo haufai kwa kahawa iliyosagwa. Ni heri kununua kidogo kidogo, kuiweka katika kopo lisiloingiza hewa, na kulihifadhi mahali pakavu pasipopigwa na jua. Isiwekwe karibu na vitunguu, samaki wakavu au sabuni, kwani kahawa hunyonya harufu za jirani zake.

KUKAANGA NA KUSAGA NYUMBANI

Anayeweza kupata buni mbichi anaweza kuzikaanga mwenyewe. Vinavyohitajika ni kikaango kizito au karai, mwiko, na ungo wa kupozea. Kazi hii hutoa moshi mwingi, kwa hivyo ni bora ifanywe nje au penye dirisha wazi.

Kikaango kipashwe moto wa wastani, kisha buni zitiwe kwa tabaka jembamba na kukorogwa bila kuachwa. Rangi itabadilika kutoka kijani kibichi hadi manjano, halafu kahawia. Baada ya dakika 10 hadi 15 hivi, joto la buni likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi, zitaanza kupasuka kwa mlio kama wa bisi.

Mlio huo ndio ishara muhimu. Anayetaka kahawa nyepesi yenye uchachu mtamu kama wa matunda aziondoe mara tu milio inapopungua. Anayetaka kahawa nzito na chungu, kama ile ya pwani, aendelee kidogo mpaka zianze kung'aa kwa mafuta, lakini asingoje ziwe makaa.

Buni zimwagwe upesi kwenye ungo na kupepetwa ili zipoe na makapi yaondoke. Kilo moja ya buni mbichi hutoa takriban gramu 850 za kahawa iliyokaangwa, kwa kuwa maji hutoka wakati wa kukaangwa. Ziachwe zipumue siku nzima kabla ya kutumiwa.

Kusaga kwa kinu na mchi ni njia ya tangu jadi na bado inafaa, ingawa chenga hazitoki sawa. Mashine ndogo ya kusagia kwa mkono hutoa chenga zinazolingana zaidi. Kanuni ni rahisi: kadiri chenga zinavyokuwa ndogo ndivyo maji yanavyonyonya ladha upesi, na kadiri zinavyokuwa kubwa ndivyo zinavyohitaji muda mrefu zaidi.

Kahawa ikiwa chungu kupita kiasi na yenye kukausha ulimi, maana yake ni kwamba imesagwa laini mno au imekaa katika maji muda mrefu kupindukia. Ikiwa chapwa na yenye ukakasi wa ndimu, imesagwa chenga kubwa mno au imetolewa mapema.

MAJI YA VOI NA MAJI YA WUNDANYI

Kikombe cha kahawa karibu chote ni maji, kwa hivyo maji mabaya hayawezi kutoa kahawa nzuri. Katika Kaunti ya Taita Taveta suala hili si dogo. Visima vingi vya sehemu za tambarare hutoa maji yenye chumvi, ilhali chemchemi za milimani hutoa maji yaliyo laini zaidi. Maji ya bomba mjini Voi hutegemea chemchemi za Mzima zilizoko katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako pia ndiko chanzo cha bomba lililojengwa miaka ya 1950 kupeleka maji Mombasa.

Maji ya chumvi huacha ladha yake katika kikombe, na yenye chokaa nyingi huua uchachu mzuri wa arabika hadi kahawa ikaonekana bapa. Njia ya kuyapima ni kuyaonja yakiwa baridi. Yasipopendeza kunywewa hivyo hivyo, kahawa pia haitapendeza. Familia inayohifadhi maji safi ya mvua inaweza kuyatumia kwa kahawa baada ya kuyachemsha.

Joto nalo lina habari yake. Kahawa hupikika vyema kwa maji ya nyuzi 90 hadi 96 za Selsiasi. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pale ufuoni Mombasa, lakini kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo yanavyochemka kwa joto la chini, kwani mgandamizo wa hewa hupungua.

Voi iko karibu mita 600 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa takriban nyuzi 98. Wundanyi iko karibu mita 1,400, na huko huchemka kwa takriban nyuzi 95. Mkazi wa Voi, basi, anafaa kuondoa maji motoni na kungoja kama dakika moja kabla ya kuyamimina. Yule wa Wundanyi ayamimine papo hapo, kwani akichelewa yatakuwa yamepoa mno.

Maji yasiyo na hakika ya usafi ni lazima yachemke kabisa kwanza, kwa ajili ya afya, ndipo yaachwe yashuke hadi joto linalofaa.

KIPIMO

Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji. Kwa asiye na mizani, hiyo ni sawa na vijiko viwili vya mezani, vilivyosawazishwa, kwa kikombe kimoja cha mililita 200. Baadaye kila mtu ataongeza au kupunguza kulingana na anavyopenda.

Kosa la watu wengi ni kutia kahawa kidogo kisha kuichemsha muda mrefu ili ikolee. Matokeo ni kinywaji chembamba na kichungu kwa wakati mmoja. Ni heri kuongeza kahawa kuliko kuongeza dakika.

NJIA SITA

1. Sufuria. Hii ndiyo njia ya gharama nafuu kuliko zote. Maji yachemshwe, sufuria iepuliwe, kisha kahawa yenye chenga za wastani itiwe na kukorogwa mara moja. Ifunikwe kwa dakika 4. Masimbi yakishatulia chini, kahawa imiminwe polepole kupitia chujio la chai. Kijiko kimoja cha maji baridi kikinyunyizwa juu husaidia masimbi kuzama. Asiyetaka uchungu asiirudishe motoni.

2. Dele. Dele ni birika la shaba lenye mdomo mrefu ambalo wauza kahawa wa Mombasa na miji mingine ya pwani hulibeba likiwa juu ya kijiko cha makaa, huku wakigonganisha vikombe vidogo ili kujitangaza. Kahawa yake husagwa laini, huchemshwa taratibu pamoja na tangawizi iliyopondwa, na wengine hutia iliki au mdalasini. Hunywewa bila maziwa, mara nyingi bila sukari, huku utamu ukitoka kwa kashata, haluwa au tende.

Asiye na dele anaweza kutumia birika la kawaida. Maji na tangawizi vichemke kwa dakika 5, kahawa itiwe, ikianza kupanda iteremshwe, irudishwe na kuteremshwa tena, kisha iachwe itulie. Hapa uchungu unatakiwa, lakini ni uchungu wa buni zilizokaangwa sana, si wa kahawa iliyoungua.

3. Karatasi au kitambaa. Njia ya kuchuja kwa karatasi ilibuniwa na Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa mji wa Dresden, Ujerumani, ambaye mwaka wa 1908 alipata hataza baada ya kujaribu kuchuja kwa karatasi ya daftari la mwanawe. Kichujio huwekwa juu ya kikombe, kahawa yenye chenga kama mchanga hutiwa, kisha maji humiminwa kidogo kidogo kwa mzunguko. Kwanza yamiminwe machache ya kulowesha, yaachwe nusu dakika, ndipo yaliyosalia yafuate. Kazi yote ichukue dakika 3 hivi.

Pasipo karatasi, kipande cha kitambaa safi cha pamba kilichofungwa kwenye waya hufanya kazi hiyo. Kisuuzwe kwa maji moto kila mara bila sabuni, kwa kuwa kitambaa hunyonya manukato.

4. Birika la kusukuma. Hili ni birika la kioo lenye kichujio cha waya kinachosukumwa kwenda chini, ambalo wauzaji wa mjini huliita French press. Licha ya jina hilo, Waitaliano Attilio Calimani na Giulio Moneta ndio waliosajili muundo wake mwaka wa 1929. Chenga ziwe kubwa, kama za chumvi ya mawe iliyopondwa. Maji yatiwe, dakika 4 zipite, kichujio kisukumwe polepole, kisha kahawa imiminwe yote. Ikiachwa birikani itaendelea kuwa chungu.

5. Birika la moka. Birika hili la alumini lenye sehemu mbili lilitoka Italia mwaka wa 1933 katika karakana ya Alfonso Bialetti. Maji hukaa chini, kahawa katikati, na mvuke husukuma maji juu kupitia kahawa. Kinachopatikana ni kahawa nzito inayofaa kuchanganywa na maziwa. Moto uwe mdogo, na birika liondolewe mara tu linapoanza kukoroma. Juu ya jiko la makaa, yafaa makaa yaliyokwisha kutulia.

6. Kahawa ya kopo. Hii ni kahawa iliyokwisha kupikwa kiwandani kisha ikakaushwa hadi kuwa unga au chembechembe. Nescafé iliingia sokoni mwaka wa 1938, na katika eneo letu kuna pia Africafe kutoka kiwanda cha Bukoba, Tanzania. Faida yake ni wepesi na kudumu muda mrefu. Hasara yake ni kwamba sehemu kubwa ya harufu hupotea wakati wa kukaushwa. Anayeitumia asimimine maji yanayotokota juu yake. Kwanza aikoroge kwa maji baridi kidogo, ndipo aongeze ya moto.

IPI ILIYO BORA?

Hakuna njia moja inayoshinda nyingine zote, kwani kila moja ina wakati wake. Kwa mtu mmoja anayewahi matatu ya saa kumi na mbili, karatasi au kitambaa hutosha: haina masimbi, na usafi wake ni wa kutupa au kusuuza tu. Kwa familia ya watu watano au sita, sufuria haina mpinzani. Kwa wageni wa jioni, na kwa mazungumzo marefu ya barazani, dele lina heshima yake.

Anayependa kahawa nzito yenye mafuta yake ya asili atafurahia birika la kusukuma. Anayetaka kahawa ya maziwa inayokaribia ile ya mikahawa ya mijini atafaidika zaidi na moka.

Upande wa matumizi ya makaa au gesi, njia zinazohitaji kuchemsha maji mara moja tu, yaani sufuria iliyoepuliwa, karatasi na birika la kusukuma, hutumia moto mchache kuliko dele linalokaa jikoni muda mrefu. Anayepika kwa makaa asifanye hivyo katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu na imeua watu wengi usingizini.

Kahawa ya kuhifadhiwa hadi saa nne isikae juu ya jiko. Ichujwe masimbi yote, kisha itiwe katika chupa ya chai iliyopashwa kwa maji moto.

MAZIWA NA SUKARI

Wengi wetu tulizoea kupika chai pamoja na maziwa, na tunapotumia njia iyo hiyo kwa kahawa huwa tunaiharibu. Maziwa yanayochemka pamoja na kahawa kwa muda mrefu hufunika harufu yake. Ni bora kahawa ipikwe nzito kwa maji peke yake, maziwa yapashwe kando bila kutokota, kisha viwili hivyo vikutane kikombeni.

Sukari si dhambi, lakini ionjwe kwanza bila sukari. Kahawa mpya iliyopikwa kwa joto linalofaa huwa na utamu wa kadiri, na wengi hujikuta wamepunguza kutoka vijiko vitatu hadi kimoja. Kwa kiamshakinywa, viazi vitamu, mihogo ya kuchemsha, mahamri au ndizi za Taveta huandamana nayo vyema.

KAHAWA NA AFYA

Kikombe cha wastani cha mililita 240 kina takriban miligramu 95 za kafeini. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka wa 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku hazina madhara kwa mtu mzima mwenye afya, na kwamba mama mjamzito asizidishe miligramu 200. Kwa mama huyo, basi, vikombe viwili kwa siku ndio mwisho, akikumbuka kwamba chai pia ina kafeini.

Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa tano baada ya kunywewa. Anayetatizwa na usingizi asinywe kahawa baada ya saa nane mchana.

Njia ya kupika nayo inahusika na afya. Buni zina mafuta yenye viambato viitwavyo kafestoli na kahweoli, hiki cha pili kikiwa kimepewa jina kutokana na neno la Kiarabu la kahawa. Viambato hivyo huongeza kolesteroli katika damu. Karatasi huvizuia karibu vyote, lakini sufuria, dele na birika la kusukuma huvipitisha. Mwenye kolesteroli nyingi anayekunywa vikombe kadhaa kila siku ana sababu nzuri ya kuchagua karatasi.

Kahawa, kama ilivyo chai, hupunguza kiasi cha madini ya chuma ambacho mwili hupata kutoka kwa maharagwe na mboga. Watu wenye upungufu wa damu wanafaa kuinywa saa moja au zaidi baada ya chakula. Watoto wadogo hawaihitaji kabisa.

KIKOMBE CHA MKULIMA

Kaunti ya Taita Taveta haimo leo miongoni mwa zile zinazotoa kahawa nyingi, na anayepanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi ataona zaidi migomba, mahindi na mboga. Lakini faida ya kujua kupika kahawa haimhusu mnywaji peke yake.

Bei ambayo mkulima hupata kwa kahawa yake hutegemea sana kuonja. Waonjaji wa mnadani na wa makampuni ya kununua hupika sampuli, huinusa, huivuta mdomoni kwa kijiko, kisha huipa alama. Mkulima ambaye hajawahi kuonja kahawa ya shamba lake hana njia ya kutambua kwa nini ya jirani ilipata bei ya juu, wala hawezi kujua kama ladha iliharibiwa na matunda mabichi yaliyochumwa mapema, kuchacha kupita kiasi, au kukaushwa vibaya.

Jaribio lenyewe ni rahisi na linafaa hata kwa asiyelima. Nunua aina mbili za kahawa, gramu 100 kila moja. Weka vijiko viwili vya kila aina katika bakuli lake, mimina maji moto ya kiasi sawa, ngoja dakika 4, ondoa povu, kisha onja kwa kijiko zikiwa moto, zikiwa vuguvugu na zikishapoa. Kahawa nzuri hubaki na utamu hata ikipoa, na mbaya hufichua kasoro zake.

Asubuhi chache za majaribio ya namna hiyo, kwa sufuria ile ile ya kila siku, zinatosha kumwonyesha mtu anachokipenda. Baada ya hapo atajua cha kuuliza dukani: ilikaangwa lini, ilitoka wapi, na je, inaweza kuuzwa kabla ya kusagwa?